Filimbi Nzito na Jina Lake

Kitu kipya kitokapo mikononi mwa fundi huwa na umbo kabla hakijawa na jina. Umbo hutolewa na fundi peke yake. Jina hutolewa na watu wengi, na kwa kuwa ni wengi hawakosi kubishana. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hata leo, juu ya filimbi ndefu ya madini ipigwayo na wanamuziki wa Ayalandi, Uskoti na Uingereza, ambayo Waingereza wameipa jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno huwa ni "filimbi ya chini". Kila fundi atoapo namna mpya ya filimbi hii, wapigaji huuliza mambo mawili kwa pamoja: ina sauti gani, na inaitwaje. Swali la kwanza hujibiwa kwa kupuliza. La pili halijapata jibu la kuwaridhisha wote tangu chombo hiki kilipoanza kufanywa, zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Mabishano hayo yaweza kuonekana kuwa ni ya watu wa mbali, yasiyowahusu wanafunzi wa Kiswahili. Walakini mambo yanayobishaniwa ni yale yale yanayomkabili kila atungaye kamusi ya lugha hii na kila mwalimu afundishaye muziki kwa lugha hii: je, chombo kiitwe kwa kile kilichokifanya, au kwa bei yake, au kwa sauti yake, au kwa cheo chake? Na jina la lugha moja likivushwa kwenda katika lugha nyingine, ni kitu gani kinachovuka salama na ni kitu gani kinachozama njiani? Yafaa basi kulichungua jambo lenyewe tangu mwanzo, kisha kupima jina lipi lingefaa kuingia katika Kiswahili.

Filimbi ndogo ya watu wa Ayalandi na Uingereza ilikuwako zamani, lakini ilienea mno baada ya mwaka wa 1843, Robert Clarke alipoanza kuifanya kwa wingi huko Uingereza. Ilikuwa ni bati jembamba lililokunjwa likawa bomba, lenye kizibo cha mti mdomoni na matundu sita ya vidole. Haina tundu la kidole gumba kwa nyuma. Kizibo kile huacha upenyo mwembamba unaoiongoza pumzi mpaka kwenye ukingo mkali wa dirisha dogo, na hapo ndipo sauti inapozaliwa. Hata mtoto asiyejua lolote akipuliza hupata sauti. Kwa ajili ya urahisi huo na wa bei yake, filimbi hiyo ikapata majina mawili: filimbi ya bati na filimbi ya peni.

Filimbi kubwa ilikuja baadaye. Finbar Furey, mwanamuziki wa Ayalandi, alikuwa na filimbi ya mwanzi iliyotoka Bara Hindi, nayo akiipenda sana. Ikaharibika alipokuwa katika safari ya kupiga muziki. Mwaka wa 1971 Bernard Overton, fundi wa Uingereza, akamfanyia nyingine kwa bomba la madini badala ya mwanzi. Furey alipoona inafaa aliomba nyingine za sauti mbalimbali, na kutokana na maombi hayo ikapatikana jamii nzima ya filimbi ndefu za alumini. Kwa muda wa miaka ilikuwa ni mali ya watu wachache waliojuana. Baadaye wapigaji kama Davy Spillane waliijulisha kwa wasikilizaji wengi, na mchezo wa ngoma uitwao Riverdance, uliofunguliwa Dublin mwaka wa 1995, uliwasaidia watu wa nchi nyingi kuizoea sauti ya namna hiyo. Siku hizi wako mafundi wengi katika Ayalandi, Uskoti, Uingereza, Ujerumani na Marekani wanaoifanya, kila mmoja kwa alama yake.

Iliyo mashuhuri kupita zote ni ile ya D. Filimbi ndogo ya D, yenye urefu wa sentimita 30 hivi, hutoa sauti yake ya mwanzo kwa mitetemo ipatayo 587 kwa sekunde. Ile kubwa, inayokaribia sentimita 60, hutoa mitetemo ipatayo 294. Urefu ukirudufika, mitetemo hupungua nusu, na sauti hushuka oktava nzima. Hii ndiyo kanuni ya kila bomba lililo wazi huku na huku, na haina siri. Lakini urefu huo una gharama yake. Matundu huwa mbalimbali kiasi kwamba ncha za vidole haziyafikii kwa raha, na mpigaji hana budi kuyaziba kwa nyama ya kati ya vidole vilivyonyooshwa, kama wafanyavyo wapigaji wa zumari ya mfuko. Tena pumzi hutakiwa nyingi zaidi. Kwa hiyo filimbi ambayo kwa umbo ni dada wa ile ya watoto, kwa mikono ni karibu chombo kingine. Na hapo ndipo ubishi wa jina unapopata nguvu zake.

Wapigaji wamegawanyika makundi. Kundi la kwanza lasema chombo hiki ni filimbi ya bati iliyokua, nacho kibaki na jina la ukoo wake. Kundi la pili laona jina la filimbi ya bati ni dharau. Wao husema kwamba neno lile la Kiingereza lililo sawa na filimbi ni neno moja na lile la mluzi wa kinywa, na la kifaa cha mwamuzi wa mpira, na la birika linalochemka. Msikilizaji akisikia jina hilo tayari amekwisha kuamua kwamba atakachosikia ni mchezo. Kwa sababu hiyo wengine waliita chombo hiki "filimbi ya maonyesho", yaani ile inayofaa kupigwa mbele ya watu waliokaa kusikiliza, na wengine wakapenda kuiweka katika daraja la fluti. Kundi la tatu, ambalo limeshinda kwa wingi, husema kiitwe kwa sauti yake: filimbi ya chini. Kwa desturi yao, filimbi ambayo sauti yake ya mwanzo ni G iliyo juu ya C ya kati, au iliyo chini zaidi ya hiyo, huhesabiwa katika jamii hiyo.

Majina haya yakipimwa moja moja, hakuna hata moja lisilo na ila. Jina la bati lilikuwa la kweli siku za Clarke, lakini filimbi nyingi za leo ni za shaba nyeupe au njano, za alumini au za plastiki. Bati limebaki katika jina kama ganda lililoachwa na nyoka. Jina la peni lilikuwa la kweli wakati wa bei ya peni, na filimbi kubwa iliyofanywa kwa mkono haikupata kuuzwa kwa bei hiyo hata siku moja. Jina la maonyesho lasifu bila kueleza: halimwambii mtu lolote juu ya umbo wala sauti, ila kwamba mwenye chombo ataka aheshimiwe. Jina la chini lina maana, lakini ni maana ya kulinganisha tu. Sauti ya mwanzo ya filimbi kubwa ya D ni ile D iliyo juu ya C ya kati. Ni sauti awezayo kuiimba mwanamke bila taabu, tena ndiyo hiyo hiyo sauti ya mwanzo ya fluti ya mti ipigwayo Ayalandi. Hakuna aiitaye fluti hiyo "ya chini". Filimbi kubwa basi ni ya chini kwa kuwa dada zake ni wa juu, kama mtu wa kimo cha kati aitwavyo mrefu katika nyumba ya watu wafupi.

Lugha ya Kigaeli ya Ayalandi inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Katika lugha hiyo filimbi ndogo huitwa *feadóg*, au *feadóg stáin*, yaani filimbi ya bati. Fluti ya kukingama nayo huitwa *feadóg mhór*, maana yake filimbi kubwa, na jina hilo hutumika katika mashindano ya muziki wa asili. Wagaeli hawakuona haja ya kulitenga jina la fluti na la filimbi; waliona ukoo mmoja, mdogo na mkubwa. Lakini filimbi ya Overton ilipokuja, ambayo kwa kweli ni filimbi na ni kubwa, ikakuta jina lake limekwisha kuchukuliwa na mwingine. Ikabidi ipewe jina la *feadóg íseal*, yaani ya chini, kwa kufuata Kiingereza. Somo la kwanza kwa mtunga maneno ni hili: jina lililo sawa kabisa kwa maana laweza kukosa kufaa kwa sababu kiti chake kina mtu.

Na wale wanaodhani kwamba jina la fluti ndilo litakalokiokoa chombo na dharau hawana budi kukumbuka habari za Afrika Kusini. Katika miaka ya 1950 vijana wa miji ya huko waliichukua filimbi ya peni, wakatunga kwayo muziki wa kwela, na watu kama Spokes Mashiyane wakawa mashuhuri kwa kuipiga. Mwaka wa 1958 wimbo wa "Tom Hark" ulifika nafasi ya pili katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza. Kundi lililoupiga liliitwa Elias and His Zig-Zag Jive Flutes. Vyombo vyao vilikuwa filimbi za peni. Jina lilisema fluti. Jina halikubadili sauti hata kidogo, wala walionunua santuri hawakuipenda kwa ajili ya jina hilo. Kilichoipa filimbi ya peni heshima ni mikono ya wapigaji. Heshima ya namna hiyo ikisha kupatikana hulipandisha hata jina dogo; lakini jina kubwa halijapata kukipandisha chombo kisichopigwa vizuri.

Sasa na yaangaliwe mambo kwa upande wa Kiswahili. Kamusi za Kiswahili na Kiingereza, tangu zile za zamani, hulifasiri neno filimbi kwa maneno mawili ya Kiingereza: moja ni la chombo cha muziki na la pili ni la chombo cha kuitia watu. Wako wasomi walioona kwamba huu ni upungufu wa Kiswahili, kwamba lugha imeshindwa kutenganisha vitu viwili, na kwa hiyo wameleta neno fluti ili kuziba pengo. Hoja hiyo yataka kupimwa kwa kipimo cha elimu ya vyombo wala si kwa kipimo cha Kiingereza. Mwaka wa 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walitoa mpango wa kuvipanga vyombo vyote vya muziki duniani kwa namna sauti inavyozaliwa, na mpango huo bado unatumika. Katika vyombo vya kupulizwa walitenga mafungu makuu matatu. La kwanza ni la vyombo ambavyo pumzi hukatwa na ukingo. La pili ni la vyombo vyenye ulimi unaotetemeka. La tatu ni la vyombo ambavyo midomo ya mpigaji yenyewe ndiyo inayotetemeka.

Msomaji wa Kiswahili akiyatazama mafungu hayo ataona kwamba hayahitaji majina mapya. La kwanza ni filimbi. La pili ni zumari. La tatu ni baragumu, pamoja na panda na siwa. Mpwani aliyesikia zumari ya ngoma hakuiita filimbi, ijapokuwa zote mbili ni bomba lenye matundu, kwa sababu alijua kwamba ile ina ulimi na hii haina. Wala aliyeziona siwa za Lamu na Pate, ile ya shaba na ile ya pembe ya ndovu, hakuziweka pamoja na filimbi kwa kuwa zinapulizwa. Hata katika tafsiri ya Biblia, pale penye orodha ya vyombo katika sura ya tatu ya kitabu cha Danieli, panda, filimbi na zumari zimetajwa kila moja peke yake. Kiingereza ndicho kilichoupasua ukoo mmoja kwa kuwapa ndugu majina mawili yasiyofanana. Kiswahili, kama Kigaeli, kimeuacha ukoo pamoja. Kwa hiyo ubishi wa wapigaji wa Uingereza, kama chombo chao ni filimbi au ni fluti, hauwezi hata kusemwa kwa Kiswahili chema. Vyote viwili ni filimbi. Kinachobaki ni kueleza ni filimbi gani.

Tena Kiswahili kimekwisha kujitengea maneno pale ambapo haja ilikuwa ya kweli. Sauti itokayo kinywani bila chombo ni mluzi au mbinja. Kifaa cha mwamuzi wa mpira watu wengi hukiita kipenga. Filimbi isiyo na kizibo, ipulizwayo kwa pembeni mwa mdomo wake katika taarabu, ni nai. Kwa hiyo ile hofu ya wapigaji wa Uingereza, kwamba chombo chao kitachanganywa na mluzi au na kifaa cha uwanjani, kwa Kiswahili ni ndogo sana maadamu maneno haya yanatumiwa mahali pake. Hatari iliyopo ni nyingine. Neno fluti likizoeleka kuwa ndilo la chombo cha heshima, neno filimbi litaachiwa watoto na waamuzi, na pamoja nalo zitashushwa filimbi zote za mianzi zichongwazo bara, ambazo hazina jina jingine. Mtu kama Hukwe Zawose, bingwa wa Ugogo aliyejulikana duniani kwa zeze na marimba yake, alipiga filimbi pia. Haipendezi lugha iwe na neno moja kwa filimbi yake na neno jingine, lenye cheo zaidi, kwa filimbi ya mgeni, ilhali elimu ya vyombo yaziweka katika fungu moja.

Ikiwa jina la ukoo limekubaliwa, limebaki jina la sifa, na hapa ndipo mfasiri mwenye haraka atakapojikwaa. Njia iliyo karibu ni kusema "filimbi ya chini". Lakini katika Kiswahili sauti ya chini si sauti nzito. Ni sauti isiyosikika mbali. Mama akimwambia mtoto aseme kwa sauti ya chini, hataki sauti yake igeuke ifanane na ya baba yake. Ataka asipige kelele. Kadhalika asemaye kwa sauti ya juu huenda akawa na sauti nene kama ya simba. Ni kweli kwamba waalimu wa kwaya husema sauti inapanda na inashuka, na hakuna anayekosea maana yao. Lakini hizo ni habari za mwendo wa wimbo, na mwendo wa juu na chini huonekana hata katika maandishi ya noti. Sauti ikitajwa kwa sifa yake ya kudumu, Mswahili husema ni nyembamba au ni nene, ni nyororo au ni nzito.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama sikio lingeweza kulisahihisha. Bahati mbaya haliwezi, kwa kuwa filimbi kubwa, katika noti zake za mwanzo, kweli huwa na sauti ya upole kuliko ile ndogo, ambayo hukata kelele za chumba kizima. Mwanafunzi aambiwaye kwamba hii ni filimbi ya chini ataipuliza, ataisikia ni ya upole, na ataamini kwamba ameelewa jina. Kumbe atakuwa amejifunza jambo la bahati na kuliacha lililo la asili. Siku atakapokutana na filimbi kubwa ambayo fundi ameipa nguvu, hatajua kwa nini iitwe ya chini. Jina lenye kosa dhahiri hutupwa upesi. Jina lenye kosa lililojificha ndilo lidumulo katika vitabu.

Majina mengine yaweza kupendekezwa, nayo yafaa yapimwe kwa haki. "Filimbi kubwa" ni jina jepesi, lakini ni la umbo tu, tena liko katika hatari ile ile iliyowapata Wagaeli: kesho atakuja mtu na filimbi ya kukingama iliyo ndefu zaidi, naye atataka jina hilo hilo. "Filimbi ya besi" lina faida ya kuwa waimbaji wa kwaya wanalijua neno besi. Lakini ni uongo wa vipimo, maana D ile iliyo juu ya C ya kati si ya besi hata kidogo. Tena wapigaji wa filimbi za kizibo wa Ulaya walikuwa na besi za kweli tangu zamani, kama zilivyoelezwa na Michael Praetorius mwaka wa 1619, na jina hilo ni haki yao. Lipo pia pendekezo lenye ladha ya Kiswahili zaidi, nalo ni kuchukua mfano wa ngoma. Ngoma za Waswahili hazikuitwa ndogo na kubwa tu; ziko chapuo na msondo, na iko vumi, iliyopata jina kwa kuvuma kwake. "Filimbi ya vumi" ni jina tamu, na kuvuma ni kitendo cha upepo kama ni cha ngoma. Walakini vumi tayari ni ngoma, na asikiaye filimbi ya vumi atadhani ni filimbi ifuatanayo na ngoma hiyo. Kiti chake nacho kina mtu.

Linalobaki ni "filimbi ya sauti nzito", na kwa kufupisha, "filimbi nzito". Yaweza kusemwa kwamba nzito huenda ikafahamika kuwa ni uzito wa mizani. Hoja hiyo si bure, lakini haina nguvu nyingi. Mtu akisema fulani ana koo zito au sauti nzito hakuna ampaye mizani. Na hata kama msikilizaji atafikiri juu ya uzito wa mkononi hatapotea mbali, maana bomba la alumini la karibu sentimita 60 ni zito kuliko kijibati cha nusu ya urefu huo. Jina hili lafuata desturi ya lugha, halimnyang'anyi mwingine kiti, na lasema lile ambalo jina la Kiingereza lilikusudia kusema.

Baada ya jina la jamii huja jina la kipimo, na hapa wapiga taarabu wanaweza kuwafundisha wengine. Nai haziko za namna moja. Kila nai ina urefu wake, na huitwa kwa jina la noti yake katika ngazi ya Kiarabu: iko ya Rast, iko ya Dukah, iko ya Nawa, na mpigaji huchagua kwa kufuata wimbo. Wapigaji wa Ayalandi hufanya vivyo hivyo kwa herufi, wakisema filimbi ya D, ya C, ya G. Mwalimu wa Kiswahili na asiigeuze herufi hiyo kuwa *re*. Katika shule na makanisa mengi ya Afrika ya Mashariki, do hufundishwa kuwa inahama. Karatasi ya kwaya huandikwa juu yake kwamba doh ni G au doh ni D, kisha waimbaji hufuata. Kwa filimbi ya D, D ndiyo do yake. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ana filimbi ya re ataanza wimbo mahali pasipo pake. Katika vyuo ambamo muziki wa pwani na wa Ulaya hufundishwa chini ya paa moja, kama Dhow Countries Music Academy iliyofunguliwa Unguja mwaka wa 2002, jambo kama hili si la vitabuni tu.

Mwisho ni jina la fundi, ambalo ndilo huwagawanya wapigaji kila chombo kipya kitokapo. Wengine huridhika na jina la ukoo la fundi lililogongwa juu ya bomba, kama lilivyo la Overton. Wengine huchagua majina ya fahari, kama Chieftain, filimbi zinazofanywa na Phil Hardy, jina lenye maana ya mkuu wa kabila. Wako walalamikao kwamba majina ya namna hii yanajipamba kwa ukale wa Kigaeli ilhali chombo chenyewe ni kichanga; tena mgeni aweza kudhani kwamba filimbi hiyo ni ya lile kundi mashuhuri la The Chieftains, lililoundwa Dublin mwaka wa 1962, ambalo ni jambo jingine. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini limechanganya kazi mbili. Jina la jamii ni mali ya lugha, nalo lapaswa kueleza. Jina la alama ni mali ya fundi, nalo lapaswa kutofautisha tu. Fundi ana ruhusa ya kukiita chombo chake apendavyo kama mwenye jahazi alivyo na ruhusa ya kuliita jahazi lake, na hakuna aulizaye kama jahazi liitwalo kwa jina la nyota laweza kung'aa. Kwa sababu hiyo mfasiri asijaribu kuligeuza jina la Chieftain kuwa jumbe au mtemi. Aliache lilivyo, na mbele yake aweke neno la lugha: filimbi nzito ya Chieftain, kama isemwavyo cherehani ya Singer.

Kosa la wapigaji wa Uingereza na Ayalandi, basi, si kwamba wamebishana, maana mabishano ndiyo yaliyowafanya wakijue chombo chao. Kosa lao ni kulitaka jina moja lifanye kazi tatu: lieleze sauti, litangaze heshima, na limsifu fundi. Waswahili wanaweza kuliepuka kosa hilo kwa kuwa hawajaanza, lakini muda wao si mwingi, kwa maana maneno ya chini na fluti yamekwisha kukaribia mlangoni. Lugha hii imeona zamani jinsi neno linavyohama. Santuri, ambayo katika Danieli ni chombo cha nyuzi, leo ni sahani ya muziki. Kinanda, kilichokuwa chombo cha nyuzi, kimekuwa cha kanisani na cha nyumbani, mpaka msomaji wa tenzi za kale hana budi kuuliza ni kinanda gani. Kuhama huko hakukukusudiwa na mtu, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini pale ambapo chombo kinaingia sasa hivi, na wanaokiita bado wanahesabika, kuacha neno lijiendee ni uvivu.

Katika kamusi, basi, filimbi ielezwe kwanza kuwa ni kila chombo cha bomba ambacho pumzi hukatwa na ukingo bila ulimi. Chini yake zitajwe filimbi ya kizibo, filimbi ya kukingama na nai. Na chini ya filimbi ya kizibo itajwe filimbi nzito, kwa maelezo kwamba ni ile ambayo sauti yake ya mwanzo ni G iliyo juu ya C ya kati au iliyo chini zaidi, yenye matundu sita, iliyoanza kufanywa kwa madini Uingereza mwaka wa 1971. Neno fluti likiwekwa, na liwekwe kama jina jingine la filimbi ya kukingama ya Ulaya, wala si kama jina la daraja lililo juu ya filimbi.